Kranberi za Shemeji Zamtoa Jasho Mpishi wa Wareham

Saa mbili asubuhi, Jumanne ya wiki ya sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani. Deolinda Tavares amesimama mbele ya meza ya bati jikoni, anadondosha kranberi, vitunda vyekundu vichachu, moja moja kutoka usawa wa kiwiko chake. Kranberi nzima inatakiwa idunde. Ikidunda inaingia kwenye beseni. Isipodunda inaingia kwenye ndoo ya taka.

"Hii haidundi," anasema. "Hii haidundi. Hii nayo imelala. Wewe, amka! Haiamki."

Beseni lina kranberi za kufunika kitako tu. Ndoo ya kwanza imejaa na ya pili inaelekea huko huko. Deolinda anachukua moja, anaibonyeza kwa kidole gumba, nayo inapasuka kimyakimya na kumchuruzikia mpaka kwenye kiganja. Anaitazama, anapumua kwa nguvu, anajifuta kwenye aproni ambayo tangu saa moja imeshakuwa nyekundu.

"Shemeji yangu ameniletea maiti," anamwambia mwandishi wa habari hizi, aliyekuja kuandika juu ya karamu ya kituo. "Kreti sita za maiti. Na mazishi ni kesho."

Deolinda ana miaka hamsini na tisa. Ishirini na miwili ameimaliza katika jiko hili la kituo cha wazee mjini Wareham, Massachusetts, akipika chakula cha mchana kwa watu wanaojua kulalamika kuliko wanavyojua majina ya wajukuu wao. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Kwa mshahara huo, na kwa keki za harusi anazooka Jumamosi, amesomesha mabinti wawili, na bado anadaiwa paa la nyumba.

Kesho saa sita mchana wazee mia moja na arobaini watakaa mezani kwa karamu yao ya Shukrani, siku moja kabla ya sikukuu yenyewe. Bata mzinga wapo. Viazi vipo. Wali wa maharage upo, maana wengi wa wazee hawa ni watoto wa watu waliotoka visiwa vya Kepuvede kuja kuvuna mashamba haya, na kwao karamu isiyo na wali huo si karamu, ni vitafunio. Kilichobaki ni sosi ya kranberi, ile nyekundu, nzito, chachu kidogo, ambayo bila hiyo bata mzinga anabaki nyama kavu ya kumezea maji.

Na sosi hiyo ndiyo kesi yenyewe.

Mwaka jana iliharibika. Kranberi ina tabia moja ambayo kila mpishi wa huku anaijua: ikichemka kidogo inapasuka na kutoa urojo mtamu, ikichemka sana urojo huo unaganda na kuwa kama soli ya kiatu. Sufuria ilikuwa motoni wakati meneja wa kituo, Bi. Carol Whitcomb, alipomwita Deolinda kwenye kikao cha dakika tano kuhusu vizima moto. Dakika tano za kikao kila mtu anazijua. Deolinda aliporudi, kijiko kilikuwa kimesimama wima katikati ya sufuria, hakihitaji kushikwa.

Wazee waliiacha kwenye sahani. Wengine waliigonga gonga kwa uma ili jirani asikie.

Baada ya hapo Bi. Carol, ambaye si mtu mbaya ila anapenda vitu visivyomsumbua, alitoa uamuzi. Mwaka huu Deolinda apewe nafasi moja ya mwisho. Sahani zikirudi na sosi juu yake, kuanzia mwakani yatafunguliwa makopo. Na nyuma ya kopo hilo kuna jambo kubwa zaidi: kampuni moja imeshaahidi kukiletea kituo chakula kilichopikwa kwingine, cha kupashwa moto tu.

"Leo ni kopo la kranberi," anasema Deolinda, huku akiendelea kudondosha. "Kesho kopo la supu. Keshokutwa hawahitaji mpishi, wanahitaji mtu wa kubonyeza kitufe. Na kitufe hata Carol anaweza kukibonyeza, tena akiwa kikaoni."

Mtu wa nje atauliza swali jepesi: kwa nini asiende dukani akanunue nyingine? Si zimejaa, mifuko kwa mifuko?

Hilo ni swali la mtu ambaye hajaishi Wareham. Hapa kranberi hainunuliwi. Kila mtu ana mjomba, jirani au shemeji mwenye shamba, na kila Novemba zinaletwa mlangoni bila kuombwa. Ukionekana dukani umeshika mfuko wa kranberi, kufikia jioni mji mzima utakuwa unajua kwamba umegombana na ndugu zako, au kwamba ndugu zako wamefilisika na wewe ndiye uliyewatangaza.

Shemeji wa Deolinda anaitwa Arlindo Pina. Amemuoa Ivone, mdogo wake Deolinda, na ana ekari nne alizoachiwa na baba yake, mtu aliyeanza kwa kuvuna mashamba ya wengine. Kila mwaka Arlindo huleta kreti sita za mbao zenye jina la baba yake ubavuni. Jikoni kuna mlango wa nyuma kabisa wa kushushia mizigo, lakini Arlindo hautumii. Yeye hupita na kreti katikati ya ukumbi, moja moja, safari sita, ili kila mzee amwone na amsalimie.

Deolinda anafuta mkono na kuchukua simu. Anaiweka mezani kwenye spika, maana kudondosha hakuwezi kusimama.

"Shemeji, hizi kranberi umezivunaje?"

"Kama kawaida, shem."

"Kawaida ipi?"

"Ile ile ya kila mwaka."

"Shemeji, zinalala."

"Labda zimechoka na safari."

"Safari? Kutoka kwako mpaka hapa ni robo saa! Zimekuja kwa meli?"

"Shem, umeamkaje lakini? Watoto hawajambo?"

"Arlindo! Njoo hapa. Na upite mlango wa nyuma."

Arlindo anafika akiwa amevaa koti la shambani na uso wa mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Ni mtu mnene, mpole, mwenye miaka sitini na mitatu. Anasalimia kila kitu kilichomo jikoni, hata jiko lenyewe, kabla ya kusalimia ndoo.

"Mbona hizi ni nzuri tu," anasema, akichagua moja iliyong'aa. Anainua mkono juu, juu kabisa, anaiachia. Kranberi inagonga bati na kubaki pale pale, imekaa vizuri, imetulia.

"Umeona?" anasema Deolinda.

"Meza yako ina baridi."

"Arlindo, mimi nimekua kwenye mashamba haya kama wewe. Kuna kranberi ya kuvunwa kavu na kuna ya kuvunwa kwa maji. Ya kavu inachanwa kwenye mmea siku ya jua, inakaa mpaka Krismasi. Ya maji shamba linafurikishwa, zinaelea, zinafyonzwa zinaingia kwenye lori, zinaenda kiwandani siku hiyo hiyo kukamuliwa juisi. Zikilala siku tatu zinaoza. Mtoto wa darasa la kwanza anajua. Sasa niambie, hizi ni zipi?"

Arlindo anatazama dari. Anatazama viatu vyake. Anamtazama mwandishi wa habari hizi kana kwamba anaweza kusaidiwa, na anapoona hapana msaada, anajibu kwa sauti ndogo.

"Za maji."

"Za maji!"

"Lakini nilizikausha, shem. Nilizitandaza gereji, nikawasha feni usiku kucha."

"Ulizitandaza juu ya nini?"

"Mashuka."

"Mashuka yapi?"

"Yale ya harusi."

Deolinda anafumba macho. "Ivone anajua?"

"Bado."

Kilichotokea ni hiki. Mashine yake ya kuvunia kavu, ile inayosukumwa kama ya kukatia majani na yenye meno ya kuchana mmea, Arlindo aliiuza mwezi wa Aprili. Kuvuna kavu kunachukua wiki, kunataka watu na kunataka jua. Kuvuna kwa maji ni siku mbili, na kiwanda kinachukua chote. Kwa hesabu ya mkulima wa ekari nne, hapakuwa na la kubishana. Tatizo ni kwamba hakumwambia mtu.

"Umenyamaza tangu Aprili mpaka leo," anasema Deolinda. "Ungeniambia hata Agosti, ningejipanga."

"Ningesema nini? Kwamba Arlindo Pina hana kranberi za kumpa shemeji yake? Baba angefufuka."

"Angefufuka akupige na hizi kreti!"

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, lakini hawakusema afanye nini mpishi ambaye uchi uliofichwa si wake.

Hapo mlango unafunguliwa na Bi. Carol anachungulia, kalamu sikioni. "Deo, kila kitu kiko sawa?"

"Sawa kabisa," wanajibu wote wawili kwa pamoja, na Arlindo anasogea kuziba ndoo kwa mwili wake, kazi ambayo mwili wake unaiweza.

"Maana makopo yapo stoo, nimeagiza kwa tahadhari tu. Sitaki ujisumbue. Sidhani kama wazee wataona tofauti."

"Wataona, Carol."

"Mimi nataka ya kopo!" inasikika sauti kutoka nyuma ya meneja.

Ni Bibi Zulmira Rosa, miaka themanini na sita, ambaye hufika kituoni kabla ya wafanyakazi ili achague kiti. Ameshika mlango kwa fimbo yake usifungwe.

"Bibi, jamani," anasema Deolinda. "Wewe wa kusema hivyo? Wewe uliyezivuna?"

"Ndiyo maana! Nimezivuna tangu nina miaka sita mpaka naolewa, nimepiga magoti kwenye tope, mikono imepasuka. Sitaki kuiona sura yake. Ya kopo haina sura. Unaikata kama keki, kila mtu kipande chake, hakuna ugomvi."

"Haina ladha, Bibi."

"Na wewe ya mwaka jana ilikuwa na ladha gani? Ilining'oa jino."

"Lile jino ulilitoa hospitali mwezi wa tisa mwaka huu!"

"Lilikuwa linangoja sababu," anasema Bibi Zulmira, na kuachia mlango.

Deolinda anabaki amekaa juu ya kreti, mikono mapajani. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hadondoshi chochote. Anaogopa, na anasema hivyo hivyo bila kuficha: ana miaka hamsini na tisa, pensheni ni mbali, na hakuna hoteli itakayomwajiri mwanamke mwenye goti bovu ili akasimame na vijana. Kazi yake yote imeangukia kwenye ndoo mbili za matunda yaliyooza, na aliyeyaozesha amesimama pale anauliza kama kuna kahawa.

Lisilo budi hutendwa. Anavua aproni.

"Tunaenda dukani," anasema.

Arlindo anashtuka kama aliyeambiwa waende kuiba. "Hapa mjini? Shem, hapana. Yule dada wa kaunta anamjua mama yangu."

"Basi Bourne. Ng'ambo ya daraja. Na pesa unatoa wewe."

Wanamwaga zilizobaki kwenye pipa la taka nje, kisha wanaondoka kwa lori dogo la Arlindo, kreti sita tupu nyuma, mwandishi kati yao kama refa. Mbingu ni nzito kwa mawingu ya Novemba, lakini Arlindo amevaa miwani ya jua na kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. Njia nzima Deolinda hasemi naye, ila anasema na barabara.

"Mji mzima umezungukwa na kranberi," anaiambia barabara. "Kushoto kranberi, kulia kranberi. Na mimi navuka daraja kwenda kununua kranberi. Nikifa waandike kwenye kaburi."

Dukani, kranberi zimepangwa kwenye mlango wa kuingilia, mlima mzima. Arlindo anakataa kuusogelea. Anasimama kwenye sabuni, anasoma maelezo ya sabuni, huku Deolinda akipakia kigari mfuko juu ya mfuko. Kabla hajaweka mfuko anaupenyezea kidole, anabonyeza, anakubali kwa kichwa: ngumu, kavu, nzima. Uso wake unalegea kidogo. Hasira yenyewe hailegei.

Ni wakati anageuza kigari ndipo anapogongana na kigari kingine.

Mwenye kigari hicho ni mzee mrefu aliyejifunga skafu mpaka puani. Deolinda anamtambua kwa viatu. Ni Harlan Pratt, mwenye ekari thelathini na mbili, mtu ambaye babu wa babu yake alipanda kranberi, na ambaye kila mwaka hupeleka kreti kanisani kwake na kupigiwa makofi.

"Deolinda," anasema Harlan kutoka ndani ya skafu.

"Bwana Pratt."

"Nimefuata mkate."

Deolinda anatazama kigari chake. Kina mifuko ya kranberi, safu tatu. Mkate haumo.

"Sisi tumefuata maziwa," anasema Arlindo, ambaye ametokea kwenye sabuni ghafla kuokoa heshima ya familia.

Wote watatu wanatazama vigari viwili vilivyojaa nyekundu tupu.

"Maziwa!" analipuka Deolinda, na watu wanageuka. "Maziwa gani mekundu? Tumefuata kranberi! Mimi nimefuata kranberi, huyu ameuza mashine, na wewe Bwana Pratt sijui umeuza nini, lakini huo si mkate!"

Harlan anashusha skafu. "Mbili," anasema. "Mashine mbili. Huu mwaka wa tatu."

"Wa tatu? Na zile ulizoleta kituoni mwaka juzi, za kutusaidia?"

"Za hapa hapa. Nilizimimina kwenye kreti."

"Zilikuwa nzuri," anasema Arlindo, kwa unyonge.

"Nilichagua," anajibu Harlan.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mwandishi ameishi katika mji huu miaka kumi na moja, amekula kranberi za kupewa kila Novemba, ameshukuru, ameandika kadi. Sasa alipokuwa akiwasaidia watu watatu wazima kumimina mifuko ya dukani ndani ya kreti za mbao katika maegesho ya Bourne, na kuficha mifuko mitupu chini ya kiti, alijikuta akijiuliza ni kadi ngapi kati ya zile zilipaswa kwenda dukani.

"Usiandike haya," Arlindo anamsihi.

"Andika," anasema Deolinda. "Andika yote, na jina lake uliandike vizuri."

Saa nane mchana wako jikoni. Deolinda anadondosha moja kwa jaribio. Inadunda, inaruka ukingo wa meza na kupotelea chini ya friji. Anaiacha huko. Anamimina maji kwenye sufuria kubwa mbili, anaweka maganda ya chungwa na mdalasini, halafu kranberi. Sukari anaiweka kando. Kwake sukari inaingia mwisho, kwa sababu ikitangulia inaifanya ngozi ya tunda iwe ngumu, na wazee wake wengi meno yao hulala kwenye glasi.

Baada ya muda zinaanza kupasuka, pa, pa, kama bisi chini ya kifuniko. Hapo ndipo mpishi haondoki. Nusu zipasuke, nusu zibaki nzima, kisha moto uzimwe.

Na hapo ndipo mlango unapofunguliwa.

"Deo, dakika moja tu," anasema Bi. Carol. "Kuna fomu ya usalama wa ngazi."

"Sina."

"Ni sahihi tu."

"Carol, hata ngazi ikianguka na mtu juu yake, mimi sitoki hapa."

Bi. Carol anafungua mdomo, anaufunga, anaondoka. Deolinda anazima moto, anamwaga sukari, anakoroga mara chache, na mwisho anachukua chupa ndogo kutoka nyuma ya mfuko wa unga. Ni pombe ya miwa ya Kepuvede, aliyoletewa na binamu. Anatia kidogo. Anatazama. Anatia tena.

"Hiyo ya pili ni ya Bibi Zulmira," anasema.

Jumatano, saa sita mchana. Ukumbi umejaa, mashati yamepigwa pasi, vitambaa vya meza vimenyooka. Arlindo amealikwa kama mfadhili, amekaa meza ya mbele na mkewe Ivone, ambaye bado hajui habari za mashuka. Deolinda amesimama kwenye dirisha la kupakulia, hali chakula. Haangalii watu. Anaangalia sahani.

Bibi Zulmira anaisukuma sosi kwa uma, anainusa, anamuuliza jirani kama kopo limeisha. Anaonja. Anaonja tena. Halafu ananyamaza, na anayemjua Bibi Zulmira anajua kunyamaza kwake ni tukio. Anapomaliza anaivuta sahani ya jirani yake, aliyekuwa amegeuka kusalimia mtu, na kuifuta kwa mkate.

Sahani zinaanza kurudi. Mifupa. Ganda la kiazi. Nyekundu imepanguswa. Deolinda anazihesabu mpaka anaacha kuhesabu, na machozi yanamtoka, na anamwambia muosha vyombo ni kitunguu.

"Binti!" anaita Bibi Zulmira ukumbini. "Hii sasa ndiyo kranberi! Hii ni ya shamba la Arlindo, naijua. Ina ladha ya lile shamba la baba yake, pale penye mchanga. Ulimi wangu hauwezi kunidanganya."

Ukumbi unapiga makofi. Arlindo anainuka nusu, anashika kifua, anainama.

Bi. Carol anasimama na kugonga glasi. Anasema amefurahi mno. Anasema makopo yatapelekwa kwenye ghala la msaada, na ile kampuni ya chakula ataijibu hapana kwa mwaka mmoja zaidi, kwa sababu ni kituo gani kingine chenye mpishi kama huyu, na, hapa anamgeukia Arlindo, chenye familia inayoleta kranberi mbichi kutoka shambani, bure, kila mwaka? "Hiyo ndiyo sababu nitakayowapa wakubwa," anasema.

Deolinda anatoka dirishani. Ameshinda, na ushindi wenyewe umesimama juu ya mifuko iliyofichwa chini ya kiti cha lori. Hilo hawezi kulinyamazia.

"Zimetoka dukani," anasema.

Watu wanamtazama.

"Nasema zimetoka dukani. Bourne. Jana. Arlindo aliniletea za maji, zikaoza, tukaenda kununua. Nilikuwa naye. Mwulizeni mwandishi."

Bibi Zulmira anacheka mpaka anashika meza. "Ona anavyomtania shemeji yake!" Na ukumbi mzima unaangua kicheko. Mzee mmoja anafuta macho. Bi. Carol anasema Deo ana vichekesho jamani. Ivone anampigapiga mumewe mgongoni.

"Sitanii!" anapiga kelele Deolinda. "Jamani, sitanii! Nina risiti!"

Wanazidi kucheka.

Saa kumi, ukumbi ukiwa mtupu, Arlindo anaingia jikoni. Bila kuambiwa anakunja mikono ya shati na kuanza kusugua sufuria, jambo ambalo Ivone anasema hajaliona katika miaka thelathini na nane ya ndoa. Anasugua muda mrefu.

"Wamenipigia makofi," anasema hatimaye. "Nilitamani sakafu inimeze, shem."

"Ungesimama ukasema."

"Wewe ulisema, ulipata nini?"

Deolinda anampa sufuria ya pili.

"Ile kona ya juu, penye mchanga," anasema Arlindo. "Mwakani sitaifurikisha. Naweza kuiziba kwa udongo, maji yakaishia chini yake. Itanigharimu, lakini naiacha kavu. Mashine sina. Tutachana kwa mkono. Lile chanuo la mbao la baba lipo ukutani sebuleni, Ivone ameliwekea maua ya plastiki. Nitayatoa."

"Mbele ya mwandishi unasema?"

"Mbele ya mwandishi."

Mwandishi anaandika. Arlindo anamaliza sufuria, anaaga, anapita mlango wa nyuma.

Lori lake linapotokomea, Deolinda anaketi, anavua kiatu kimoja na kukanda goti. Anaulizwa kama anamwamini.

"Arlindo? Hata chembe," anasema. "Ni mtu mzuri, lakini Oktoba itafika, kiwanda kitampigia simu, majirani watakuwa wameshafungulia maji, na mkono wake utaenda wenyewe kwenye lango la maji. Namjua. Kwa hiyo leo hii, kabla Carol hajaondoka, nimemwomba likizo ya wiki ya pili ya Oktoba, akanipa akidhani naenda kupumzika. Siendi kupumzika. Nabeba kiti changu, chupa ya chai na blanketi, nakwenda kukaa juu ya lango lenyewe. Anayetaka kufurikisha ile kona, anifurikishe na mimi."